Ngozi Chini ya Vitufe

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya milango. Milango nimeshapima ya kutosha kuufunga mji huu wote na funguo nikabaki nazo mimi, kwa hiyo kurasa zilizobaki nazipa kazi nyingine. Siku watu watakapoanza kuulizana ni nani aliyemtoa yule binti mpiga piano, wasije wakashikana mashati. Jibu liko hapa, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tuliachana kwa wema, lakini kuandika najua.

Mimi ni seremala. Niliwahi kutengeneza kabati, nyumba ikaungua, paa likaanguka, kabati likakutwa limesimama na mashati ndani yangali na mistari ya pasi. Asiyeamini amuulize mwenye mashati, bado anayavaa.

Binti ninayemsema ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Ana miaka kumi na sita na tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui kupumzika. Hata akipiga piano anaongea nayo: haya panda, haya shuka, usinikwaze bibi. Dada anaoka mikate, hutoka nyumbani kabla jogoo hajakata shauri na kurudi hoi. Basi Chiriku akitoka shule huja karakana kwangu. Chumba cha nyuma, ukishapita rundo la mbao, ipo piano. Hoteli moja iliileta niitengenezee mguu. Mguu ukapona, hoteli ikafa.

Tarehe 24 Mei kuna usaili wa chuo cha muziki. Mwaka huu wanamchukua mmoja tu wa piano. Nimeshajua ni nani.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwachisha kazi mwalimu wa piano.

Ni mama mstaafu, amekuwa akija kila Jumanne kwa miaka miwili, nami nilimpa jina la Bibi Polepole kwa kuwa ndilo neno lake la kuanzia na la kumalizia. Leo amemkuta Chiriku anapiga ile ndefu, kipande cha muziki cha kurasa kumi na tisa. Binti amejifundisha mwenyewe kurasa tatu za mwanzo kwa kumtazama mtu kwenye simu, na mikono inavyokimbia utadhani kuku wametupiwa mahindi. Mimi nilikuwa mlangoni nimevimba kama andazi. Bibi Polepole akamshika kifundo cha mkono, akamsimamisha. Akauliza ni nani aliyempa. Chiriku akasema, Mjomba amesema naweza.

Hapo ndipo nilipopewa somo ambalo sikuliomba. Eti mkono hujifunza kwanza kuwa mwepesi, ndipo ujifunze kuwa na kasi. Eti ile ndefu inataka miaka miwili zaidi, na mtu wa kukaa pembeni akiangalia kifundo. Nikamwambia samaki hukunjwa angali mbichi. Akanitazama, akatazama mbao zangu, akasema kwa upole, "Fundi, na mbao je? Ikiwa mbichi unaiunda mlango?"

Fundi mwenzangu, tunayemwita Msasa kwa sauti yake ya kukwaruza, alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Katika karakana yangu, kwa mbao zangu. Nikamshukuru mama kwa miaka miwili, nikamwambia asijichoshe tena kuja.

Dada nimemwambia Bibi Polepole amesema hana tena cha kumfundisha mtoto, amemaliza. Dada alilia kwa furaha, akanibusu kipaji cha uso. Si uongo sana. Ni kweli iliyopigwa randa kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi ya leo ingefaa iwekwe kwenye kioo.

Vitufe vya ile piano vilikuwa vinacheza kama meno ya mzee. Ukigusa kimoja kinatikisika kushoto na kulia. Nimefungua mbao ya mbele nikavitoa vyote, themanini na nane, nikavipanga mezani. Chini ya kila kitufe kuna kitundu, na ndani ya kitundu unaingia msumari mdogo wa kukiongoza kisiyumbe. Vitundu vilivikwa kitambaa, kitambaa kimeliwa na nondo. Mimi nimekata mkanda wangu wa zamani na buti mbili, nikavika ngozi, kimoja kimoja, gundi ya moto. Droo nzuri haichezi, na kitufe ni droo ndogo tu.

Sasa vimekaza. Chiriku alipojaribu alisema, "Mjomba, vimekuwa vizito."

Nikamwambia mpiga ngumi hafanyi mazoezi na mto.

Jumapili, 9 Machi

Mvua za msimu zimeanza. Chiriku amefika kurasa nne.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejaza fomu ya usaili. Penye "kipande utakachopiga" nimeandika ile ndefu, herufi kubwa, kalamu ya kupimia mbao ili ionekane tangu barabarani. Chini wameandika kwamba kikishapokelewa hakibadilishwi. Nani anataka kubadilisha?

Msasa akauliza kama si vizuri kumuuliza yule mama kwanza. Nikamuuliza yeye ameshafundisha wangapi piano. Akaendelea kupiga msasa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kurasa sita. Chiriku ameongea tangu kuingia hadi kutoka: mwalimu wa hesabu aliyekaa juu ya chaki, paka wa jirani, kila kitu. Anaongea anapiga, anapiga anaongea.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kurasa nane. Mbao zote zimevimba, mlango wa choo haufungi tena, inabidi uimbe ukiwa ndani. Droo za kabati la mteja nimezipiga teke zikaingia. Chiriku anasema vitufe vingine vikishuka havipandi. Nimemwambia avisukume kwa nguvu zaidi, vitazoea.

Jumamosi, 5 Aprili

Anisamehe atakayesoma kwa doa hili. Ni chai. Chiriku amekiangusha kikombe juu ya daftari.

Ilikuwa saa kumi, tumekaa mezani sisi watatu, baada ya yeye kupiga kwa saa tatu mfululizo. Alikuwa anasimulia kitu, mkono wa kulia umeinua kikombe, na kikombe kikamtoka tu, kama kimechoka kushikwa. Hakushtuka. Alikitazama kile kidole kidogo na jirani yake, akavifinya kwa mkono wa pili, akasema, "Vimelala."

Nikacheka. Nikamwambia vidole vikilala ujue mkono unafunguka, hata mimi mwaka niliobeba mlango wa chuma peke yangu ghorofa nne, mkono ulilala wiki nzima, ulipoamka ukaweza kupasua nazi kwa kibao. Akacheka naye. Msasa hakucheka. Aliokota vipande vya kikombe kimoja kimoja, akavitupa.

Jumapili, 6 Aprili

Kurasa kumi. Nimemnunulia kikombe cha bati. Hakivunjiki.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua usiku na mchana. Kurasa kumi na moja. Kuna mahali, ukurasa wa kumi na moja, ambapo vidole viwili vya mwisho vya kulia vinatakiwa kugonga peke yao kwa muda mrefu, tatatata, kama mvua kwenye bati. Hapo anakwama. Amerudia mara arobaini, nilikuwa nahesabu kwa kuchora vijiti kwenye ubao. Ya arobaini alipiga kwa kutupa mkono mzima kuanzia begani. Sauti ilitoka. Nikampigia makofi.

Kikombe anakishika kwa mikono miwili siku hizi. Nimemtania kwamba anakunywa kama kindi.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Kumi na tatu.

Jumanne, 22 Aprili

Dada amekuja karakana amebeba mikate, ameniletea na mimi. Akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma akisikiliza, nguo zote unga, macho yamejaa. Akasema, "Mdogo wangu, mbona haongei?"

Nikasema amekomaa.

Akasema jana Chiriku alishindwa kufunga vifungo vya sare yake, amemfungia yeye. Nikamwambia ni uchovu, wapiga piano wakubwa wote wana watu wa kuwafungia vifungo, kuna mmoja nilimtengenezea kiti alikuwa na watu watatu, mmoja kwa vifungo vya juu tu. Dada aliamini. Kwangu mimi dada huamini tangu tukiwa wadogo, ingawa mama akitaka ukweli alikuwa akimuuliza yeye na si mimi.

Alipoondoka niliula mkate wote. Ulikuwa mzuri, lakini ulikaa hapa kifuani.

Jumatano, 30 Aprili

Kumi na tano. Haongei kabisa. Nimegundua nilikuwa nafanya kazi nikisikiliza maneno yake, sasa nasikia tu vitufe: du, du, du, mtu anagonga jeneza kutoka ndani. Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Ni mvua.

Jumanne, 6 Mei

Nimemkuta Bibi Polepole sokoni, chini ya mwavuli. Hakuwa na kinyongo. Aliuliza habari za kifundo, kama anayemuulizia mgonjwa. Nikamwambia kurasa kumi na sita. Akauliza kama ni piano ileile ya vitufe vilegevu, maana ile, alisema, angalau ilikuwa nyepesi, ilimwonea huruma mtoto.

Nikasema ndiyo, ileile.

Nimerudi njia ndefu. Nilipofika karakana nimebonyeza kitufe kimoja kwa kidole changu kidogo, hiki cha seremala kinachopasua kokwa za kunazi. Nilibonyeza mara kumi mfululizo. Ya kumi nilikunja uso. Nikajiambia ni unyevu, mvua zikikatika ngozi itasinyaa. Mbao hufanya hivyo.

Jumanne, 13 Mei

Kumi na nane. Vile vidole viwili sasa vimekunjika kidogo hata asipopiga, kama mtu aliyeshika kitu kisichoonekana. Nimemwambia apumzike kesho. Akasema, "Fomu imeshaandikwa, Mjomba." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningelala vizuri.

Ijumaa, 23 Mei

Kumi na tisa. Mvua imekatika asubuhi, jua kali, kila kitu kinafuka mvuke. Chiriku ameipiga yote, mwanzo hadi mwisho, mara moja. Msasa alivua kofia. Mimi nimesema nimejua tangu siku ya kwanza.

Jumamosi, 24 Mei

Nitaandika ilivyokuwa.

Ukumbi wa chuo una sakafu ya mninga, kazi safi, sina la kusema. Tulikaa nyuma, dada amevaa gauni la harusi ya jirani, mimi suti. Waliomtangulia walikuwa wanne. Wote walipiga vitu vifupi, vya kurasa mbili tatu, polepole, na mimi nikawa namkonyeza dada kila mmoja akimaliza.

Chiriku akaingia. Waamuzi watatu walitazama karatasi, wakatazamana. Akakaa. Alipogusa kitufe cha kwanza, piano ilipiga kelele. Hakuna neno jingine. Ile piano ya pale ni nyepesi, nayo mikono yake ilikuwa imezoea kusukuma ukuta, na sasa ukuta haupo. Kila alichogusa kililipuka. Akajaribu kupunguza, akawa anaruka vitufe, anagonga viwili kwa pamoja. Nilimwona anamtafuta mtu kwa macho, na mtu huyo alikuwa mimi, na mimi nilitabasamu.

Ukurasa wa nne vile vidole viwili vilikunjika kabisa, vikaingia ndani ya kiganja, havikutoka. Aliendelea na vitatu. Kisha akaacha. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaulaza mapajani kama mtoto aliyelala. Mwamuzi mmoja, mama wa makamo, aliinuka akaenda kumpigia magoti pale pale kwenye kiti, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini. Chiriku alitikisa kichwa. Akauliza tena. Chiriku akatikisa tena.

Nje nilimuuliza alikuwa anaulizwa nini. Akasema, "Aliuliza kama kuna mtu ananiangalia nikifanya mazoezi."

Jumatatu, 26 Mei

Bibi Polepole amekuja karakana mchana. Yule mwamuzi alikuwa mwanafunzi wake zamani, wamezungumza. Hakunisalimia kwa ubaya. Aliomba kuiona piano.

Alibonyeza kitufe kimoja, akauondoa mkono haraka kama ameshika sufuria ya moto. Akamwomba Msasa skrubu, zile za inchi mbili. Akazipanga moja moja juu ya ncha ya kitufe, taratibu, tukitazama. Akasema piano nzuri, skrubu kama kumi zinatosha kitufe kishuke chenyewe. Kumi zikafika, kitufe kimetulia. Kumi na tano. Ishirini. Skrubu zilianza kuteleza, akaomba kikombe azitie ndani, Msasa akampa kile cha bati. Ishirini na tano. Ya ishirini na saba kitufe kikashuka, polepole, na hakikupanda. Na jua limewaka siku nne.

"Wakati wa mvua?" aliuliza.

Nilifungua mbao ya mbele, nikatoa kitufe kimoja, nikamwonyesha ngozi. Kazi ilikuwa safi, huoni hata gundi. Aliigusa kwa kidole. Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Alisema tu, "Umekaza vizuri, fundi," na nikajua hakuna aliyewahi kuisema vibaya kazi yangu namna ile.

Jumatano, 28 Mei

Hospitali, kwa daktari wa mikono. Mimi, dada na Chiriku ndani ya chumba kidogo. Amegonga kiwiko cha Chiriku, amemchoma na kisindano kwenye kile kidole kidogo, Chiriku anaangalia dirishani. Hasikii. Daktari akaonyesha mahali kati ya kidole gumba na cha pili ambapo nyama imeanza kubonyea. Kuna mshipa wa fahamu unapita kiwikoni, amesema, umebanwa na kukwaruzwa kwa muda. Akauliza ganzi ilianza lini.

Chiriku hakufikiri hata kidogo. "Wiki mbili, daktari." Kisha akanitazama, mara moja, akarudi dirishani.

Daktari akaandika wiki mbili. Akasema basi ni mapema, tutafunga kibao, apumzike, arudi baada ya mwezi tuone. Akaongeza, akiwa bado anaandika, kwamba ingekuwa miezi miwili asingengoja, angefungua kiwiko wiki hii hii, maana mshipa ukikaa umebanwa muda mrefu nyama ya mkono hukauka na haifufuki. Dada akashukuru Mungu kwamba tumewahi.

Mimi nilikuwa nimeshika kofia yangu. Nilikuwa na mdomo. Mdomo huu ulioeleza habari za kabati na mashati haukufunguka.

Nimefika nyumbani nimelifungua daftari. Doa la chai limekuwa la kahawia, limepenya kurasa tatu. Niliishika karatasi ile ya tarehe tano kwa vidole viwili, tayari kuichana. Karatasi ni nyepesi sana kuliko kitufe.

Alhamisi, 29 Mei

Alfajiri nimekwenda tanurini kwa dada. Nimempa daftari. Amelisoma amesimama, mikono ya unga, ndiyo hizi alama nyeupe mnazoziona pembeni. Wenzake walikuwa wanatoa mikate. Alipofika tarehe nne Machi alisimama hapo muda mrefu.

"Yule mama alisema nini hasa?"

Nikamwambia. Mbao mbichi, miaka miwili, mtu wa kukaa pembeni. Nikamwambia na habari ya ngozi, maana hapo hakuwa amefika.

Akasoma mpaka mwisho. Mkate mmoja uliungua. Aliufuta mkono kwenye aproni, akanirudishia daftari, akasema, "Libebe. Twende tukamchukue mtoto." Hajaniita mdogo wangu tangu hapo.

Naandika haya kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Nimekunja pembe ya ukurasa wenye doa. Chiriku amekaa katikati yetu, mkono umefungwa kibao, kibao kibaya, kimepigwa randa upande mmoja tu. Ametazama daftari kwa muda.

"Mjomba, ulikuwa unaandika yote?"

"Yote."

"Hata kikombe?"

"Hata kikombe."

Ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho. Mlango umefunguliwa. Wameita jina lake. Nimesimama mimi.